Nilikizungusha, Samahani

Drahomíra haanzi na mti. Anaanza na pengo.
Huchora kwanza hewa itakayobaki katikati,
vijumba vitatu vya mraba, bila mlango wala mpangaji,
kisha huizungushia hewa hiyo mbao,
kama fundi anayeshona mfuko kwa kipimo cha sarafu.

Vipande sita vya mpeasi. Viwili wima, viwili vimelala,
viwili vinapenya katikati kama wageni waliokosea nyumba.
Kila kimoja kimeng'atwa mahali pake,
na njaa ya hiki ndiyo shibe ya kile.
Vikiwa vimetawanyika mezani, kando ya mkate na bili ya gesi,
utadhani vimeguguniwa na panya mwenye rula.

Lugha ninayoandikia inaijua kazi yake:
hufunga, ikafungua; hufumba, ikafumbua; hutata, ikatatua.
Herufi moja tu, ikipenyezwa kabla ya ile ya mwisho,
na neno zima linaachia.
Herufi hiyo ndiyo Drahomíra anayoitafuta kwa patasi
katika nyumba ya nyuma, mjini Telč,
Januari, bomba la maji limeganda,
jiko la kuni linakausha kila kitu, hata midomo.

Miezi miwili.
Kati ya kipande na kipande ameacha nafasi ya unywele,
si zaidi, maana fumbo linalocheza mkononi ni jino bovu.
Kompyuta ililijaribu usiku kucha, ikatoa hukumu alfajiri:
njia ni moja. Hatua kumi na moja
kabla kipande cha kwanza hakijachomoka.
Alikunywa kahawa akiwa amesimama.

Akalituma Ostrava, kwa Ctirad,
aliyekuwa akitengeneza milango ya tramu.
Vidole vyake viwili vilibaki kwenye mlango mmojawapo,
na vinane vilivyosalia havina adabu.

Siku sita. Kifurushi kikarudi.
Vipande vimetengana, vimeviringishwa gazeti la michezo,
na karatasi, mwandiko umeinama kama unapanda mlima:
*Hatua tatu. Nilikizungusha. Samahani.*

Nilikizungusha!
Kompyuta inajua mbele, nyuma, kushoto, kulia, juu, chini,
kama askari gwarideni.
Haikufunzwa kwamba kipande chaweza kugeuza bega
kama mnene apitaye kati ya mabenchi ya kanisa
akiomba radhi huku na huku.

Drahomíra alitukana, neno fupi, la mama yake.
Akaliunga upya fumbo, akasukuma mara moja, mara mbili,
kisha akakizungusha kile cha nne.
Kona ilisugua kona. Ikalia kidogo.
Ikapita.

Dawa anaijua: mchemraba mdogo, kama punje ya dengu,
ugundishwe ndani, na mzunguko umekufa.
Akaukata. Akaukalisha kwenye ncha ya kidole,
gundi iko wazi, inaanza kuota ngozi.
Sijui alisubiri nini.
Akautia kwenye droo ya vijiko, akafunika gundi.

Juni imeleta mvua ya siku tisa.
Mpeasi ulioacha kuwa mti zamani
bado hunywa kila ukialikwa.
Leo amelishika tena fumbo, amesukuma, amesukuma, amezungusha:
limekataa. Unywele wa nafasi umemezwa.
Lakini zile kumi na moja, polepole, kwa mbinyo wa dole gumba,
moja baada ya moja, zinakubali.

Kwa hiyo ameandika kwa penseli, upande usioonekana:
*Baridi, tatu. Mvua, kumi na moja.*
Amelifunga kwa lile lile gazeti la michezo,
akabandika stempu, akaongeza mstari mmoja kwa Ctirad:
*Jaribu sasa.*

Leo ni wiki ya tatu.
Ostrava kimya.